Tomaso hakufukuzwa: dhana potofu kuhusu Biblia na imani

Kila Jumanne jioni, watu wakishafunga vibanda, kikundi chetu cha Biblia hukutana nyumbani kwa mmoja wetu hapa Kondele, Kisumu. Mwezi uliopita kijana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi aliuliza tunajuaje kwamba Yesu alifufuka kweli. Mzee mmoja akamkatiza: "Wewe amini tu, kijana wangu. Maswali ni ya shetani." Kijana akafunga Biblia yake, hakusema neno tena mpaka tukaomba tukatawanyika. Jambo hilo limeniuma, kwa sababu alichoambiwa hakimo katika Maandiko.

Dhana: kuamini ni kutouliza

Luka anaifungua Injili yake kwa kumweleza Theofilo kwamba amechunguza mambo yote tangu mwanzo, yaliyopokelewa kutoka kwa walioyaona kwa macho, ili Theofilo apate kujua hakika ya aliyofundishwa. Watu wa Beroya nao, Paulo alipowahubiria, walirudi kwenye maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo, na kitabu cha Matendo kinawasifu kwa hilo.

Lakini mimi hupenda kukaa kwa Tomaso, mwanafunzi wa Yesu ambaye hakuwapo wenzake walipomwona Bwana aliyefufuka. Aliwaambia wenzake waziwazi kwamba asipoziona alama za misumari na kutia kidole chake, hataamini. Hawakumfukuza. Baada ya siku nane alikuwa bado yuko nao, na Yesu akamwambia, "Lete hapa kidole chako." Wengi wetu hukimbilia "wa heri wale wasioona, wakasadiki", tukadhani Yesu anasifu kuamini bila msingi wowote. Endelea kusoma. Papo hapo Yohana anasema ziko ishara nyingine nyingi ambazo hakuziandika, ila hizi "zimeandikwa ili mpate kuamini". Sisi ambao hatukuwamo chumbani mle tumeachiwa ushuhuda wa waliokuwamo, na shaka ya Tomaso imo ndani ya ushuhuda huo. Yohana angeweza kuiacha nje. Hakuiacha.

Dhana: mstari mmoja ukiukariri, umetosha

Simama steji ya Kondele asubuhi, utaona magari yamebandikwa Yeremia 29:11 kwenye kioo cha nyuma: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani." Neno tamu, na mimi nalipenda. Ila ni kipande cha barua. Yeremia aliwaandikia kutoka Yerusalemu watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, kwa kuwa watakaa huko sana. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Sura moja nyuma yuko Hanania, aliyewaahidi watu kwamba katika miaka 2 mambo yangekuwa yamerudi kama zamani. Hanania ndiye aliyekuwa nabii wa uongo. Mtu akikuahidi muujiza kabla ya mwisho wa mwezi kwa mstari huo, msomee sura zote mbili. Ahadi ya Yeremia iliwapa watu nguvu ya kungoja, wengine wakafa kabla ya kurudi kwao.

Isitoshe, waandishi wenyewe hawakuandika kwa mistari. Sura tunazotumia zinatokana na kazi ya Stephen Langton, askofu mkuu wa Uingereza, katika karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Namba zinatusaidia kupata mahali. Hazikukusudiwa kutuonyesha pa kuanzia na pa kukomea.

Dhana: Biblia hujenga imani kwa kutuonyesha watakatifu wasio na doa

Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Petro alimkana Bwana wake mara tatu. Yote yameandikwa.

Dhana: Maandiko ni ya waliosoma

Dani yangu wa Seme, yaani nyanya yangu, hakujua kusoma. Biblia nzima kwa Dholuo, Muma Maler, ilitoka mwaka 1953, na ya kwake ilikaa ndani ya kitambaa juu ya kabati. Jioni nilikuwa nikimsomea kando ya taa ya koroboi. Hata makanisa ya kwanza yalisikia zaidi ya kusoma: Ufunuo unabariki mtu mmoja asomaye na wengi wasikiao, na Paulo anawaambia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Nilipofika kwa yule baba wa mtoto mwenye pepo, katika Marko 9, anayelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", Dani aliinua mkono nisimame.

"Nyakwara (mjukuu wangu), soma tena hapo."

Nilisoma mara tatu. Jumanne hii nimemwomba yule kijana atusomee Yohana 20 yote, polepole, kisha tuanze na swali lake.