Dungu la kulinda mahindi uliweke wapi? Anza na upepo wa usiku

Msimu huu huku Pangani nimeshaulizwa sana, kaka dungu langu, yaani kile kichanja cha juu cha kukaa ukilinda shamba, nilijenge wapi, na nikienda kuangalia shamba nakuta mtu ameshachagua kile kimwinuko cha katikati kwa sababu ukisimama pale unaona shamba zima. Mimi nalinda mahindi na kuwajengea watu madungu tangu 2006 na kila mtu namwambia hivi hivi, usiku huoni shamba zima hata ukipanda juu ya mnazi. Nguruwe pori anakuja gizani na anategemea pua kuliko macho, kwa hiyo jua kwanza upepo unaelekea wapi saa zile anazokuja.

Wengi tunakosea kwa sababu tunapima mchana. Shamba langu la kwanza kichaka kilikuwa upande wa baharini, nikarusha mchanga saa tisa alasiri nikaona upepo unatoka kichakani unanipiga usoni, nikasema safi, nguruwe hawatanipata, nikajenga siku hiyo hiyo. Sasa usiku upepo wa baharini unalala, unashika ule wa bara kwenda baharini, yaani harufu yangu yote ilikuwa inaingia kichakani moja kwa moja. Na nguruwe akikunusa usidhani amekimbia kabisa, anazunguka anaingilia upande wa pili ambako huna habari naye, asubuhi unakuta mistari imelazwa chini na mahindi ndiyo kwanza yako kwenye maziwa. Inauma sana aisee.

Kwa hiyo nenda shambani na jivu kwenye kitambaa, saa nne usiku na tena saa tisa usiku, litikise kidogo umulike na tochi uone linaelekea wapi, fanya hivyo siku tatu kabla hujakata hata mti mmoja. Na nyie wa Muheza kule milimani, usiku hewa ya baridi inateremka bondeni, ukikaa juu ya bonde unamtumia salamu nguruwe kule kule kwenye mto alikolala, bora ukae ubavuni.

Upepo ukishaujua, tafuta njia ya nguruwe. Amka na umande uangalie kwato, ardhi iliyochimbuliwa, na matope waliyojisugua kwenye miti. Wanapenda kurudia njia ile ile, hasa panapotokea kichaka cha mto kikakutana na kona ya shamba. Dungu lisikae juu ya njia yenyewe, liweke pembeni kama hatua 20 au 30, na wewe unapokwenda kupanda dungu usiikate njia yao maana harufu ya miguu inabaki pale. Urefu mita tatu zinatosha, ilimradi macho yapite juu ya mahindi, na nyuma yako pawe na mwembe au mti wenye kivuli ili mbalamwezi isikuchore. Chini ya mnazi hapana, nazi ikidondoka usiku haikuulizi.

Nyani ni habari nyingine kabisa. Huyo anakuja mchana na anatumia macho, kwa hiyo kwake kile kimwinuko ni pazuri, akuone vizuri ajue pana mtu.

Juu ya dungu mimi nabeba debe la kupiga kelele, tochi kali na filimbi, basi, silaha hapana. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na mtego wa waya ukiuweka pembeni ya shamba unaweza kumnasa hata mtoto wa jirani, naomba sana tuache.

Jenga kwa miti myepesi na kamba, usichimbie nguzo kama unajenga nyumba, kwa sababu nguruwe wakifukuzwa kona moja siku chache hujaribu kona nyingine. Kila asubuhi nazunguka mpaka wote wa shamba, nikikuta kwato mpya upande wa pili tunalifungua dungu siku hiyo hiyo tunalihamisha, na jivu tunalipima upya.