Kabla hujaandika "tu" kwa kila "just"

Anayeanza kutafsiri akikutana na "just", mkono hukimbilia "tu". Mara nyingi anapata. "Just two" ni wawili tu, hapo hatugombani. Achunge mahali tu: Kiingereza hulitanguliza, sisi "tu" tunaibandika nyuma ya kile tunachokiwekea mpaka.

Kasheshe ni sentensi kama "Asha just passed". Ina Kiswahili cha aina tatu: Asha amefaulu sasa hivi, Asha amefaulu chupuchupu, au Asha kapita zake, wala hakusimama kusalimia. Angalia kwanza kitenzi. Ukiona "has just passed", karibu kila mara ni jambo la punde, kwa hiyo "ndiyo kwanza amefaulu" inatosha. Bila "has", uliza mwandishi ni wa wapi. Mmarekani husema "just passed" kwa jambo la punde bila wasiwasi; Mwingereza akiiandika hivyo, mimi hushuku chupuchupu kwanza, kisha natafuta alama za mtihani kwenye aya inayofuata.

Kikanushi nacho hugeuza kila kitu. "I'm not just tired" ni "si uchovu tu", maana yake kuna na jingine, pengine njaa, pengine hasira. "I'm just not tired" ni "sijachoka, basi". Hiyo "basi" ndiyo inayobeba "just". Ukiweka "tu" msomaji atangoja maelezo yasiyokuja.

Katika barua za kikazi, "I just wanted to ask" haisemi kwamba mtu alitaka kuuliza na si zaidi. Ni adabu, ya kupunguza uzito wa ombi. "Nilitaka tu kuuliza" inaeleweka, ila ina harufu ya Kiingereza. Andika "samahani, nilikuwa naomba kuuliza", adabu itafika nzima.

Halafu kuna "just" ya sifa, ile yenye maana ya haki. Mpangilio wa maneno ndio unaoifichua: "just a man" ni mtu tu, "a just man" ni mtu wa haki. Herufi moja ikihama, mwadilifu anakuwa mtu wa kawaida. Kwenye hati za sheria kosa hili halivumiliki.

Kwa mengineyo, kipimo changu ni kubadilisha neno. Weka "only": sentensi ikibaki na maana yake, "tu" inafaa. Ikikataa, weka "exactly". Ikikubali hapo, tumia "hasa", "kamili" au "sawasawa", kama katika "mrefu sawasawa na babake".

"Just now" haipimiki hivyo. London inaweza kuwa sasa hivi au punde iliyopita. Afrika Kusini ni baadaye kidogo. Mtu wa Johannesburg akiandika "I'll call you just now", nawe ukatafsiri "nitakupigia sasa hivi", mwenzake atakaa ameshika simu mkononi.