Reli ilibeba nyuzi, Mwanza ikabaki na mbegu

Nimefanya kazi ya pamba kwa miaka mingi, sehemu kubwa kwenye vinu vya kuchambulia huku Kanda ya Ziwa. Watu husema Mwanza imejengwa na reli. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Pamba ilikuwepo Usukumani kabla ya reli. Marobota yalipakiwa melini Mwanza, yakavuka ziwa hadi Kisumu, kisha treni ikayapeleka Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza, mzigo ukapata njia yake: Malampaka, Shinyanga, Tabora, mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200.

Sasa shika kiganjani pamba iliyotoka shambani, ile tunayoiita pamba mbegu. Ibonyeze: ndani ya ulaini ule utahisi punje ngumu. Nyuzi zimeing'ang'ania punje, na kazi ya kinu ni kuzitenganisha. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa kama kilo 35 za nyuzi. Karibu zote zinazobaki ni mbegu. Nani atalipa nauli ya kusafirisha mbegu hadi pwani? Ndiyo maana vinu vilijengwa karibu na wakulima. Nyuzi zikashindiliwa, zikafungwa marobota ya kilo 181 hivi, zikapanda behewa. Mbegu zikabaki. Nyingine zilirudi shambani kupandwa, nyingine zikakamuliwa mafuta, mashudu wakala ng'ombe. Hapo ndipo mafundi, wapagazi na makarani walipopata riziki, na mji ukakua.

Jambo linaloniuma zaidi katika historia hii ni mizani. Vinu na ununuzi vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa. Mkulima ametoka na mzigo kijijini, amefika jua limepanda, anaambiwa uzito ambao hawezi kuuhakiki. Atafanyaje, aurudishe kichwani? Kwa hiyo dai la kwanza la wakulima lilikuwa dogo na la haki kabisa: tuwe na watu wetu pale mizani ilipo. Kutokana na dai hilo vikakua vyama vya msingi, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo vya ushirika, la Victoria, makao yake Mwanza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ushirika ndio uliokuwa ukinunua pamba ya kanda nzima, ukamiliki na vinu vyake.

Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha nguo cha Mwatex. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu kwa mara ya kwanza sehemu ya nyuzi nazo zilibaki: zilisokotwa na kufumwa hapahapa, zikatoka getini zikiwa kitambaa.