Kwa nini bakuli la mti mbichi hukauka bila kupasuka?

Mti mbichi hupasuka, kwa hiyo subiri ukauke ndipo uchonge: ndivyo tunavyoambiwa, na kwa fremu ya mlango ni kweli. Kwa bakuli la kukereza, yaani linalochongwa likizungushwa kwenye mashine iitwayo keezo, mambo hugeuka. Gogo zima likiachwa likauke lenyewe, mara nyingi hupasuka. Bakuli lililokerezwa kwenye mti ulioangushwa jana linaweza kukauka salama.

Lawama hutupiwa maji, na si haki sana. Maji mengi ya mti mbichi yamo kwenye matundu ya chembe zake (seli), nayo hutoka bila mti kubadilika kipimo. Kusinyaa huanza unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, pale maji yaliyomo ndani ya kuta za chembe yanapoanza kuondoka. Hata hapo, mti ungesinyaa sawasawa pande zote, ungebaki mzima, mdogo tu.

Lakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu, karibu haupungui. Kutoka kiini kwenda gome hupungua, tuseme, asilimia 4. Kuzunguka pete zake, asilimia 8. Viwango hutofautiana mti kwa mti, ila moja kwa mbili ni uwiano wa kawaida. Sasa chukua gogo lenye mzingo wa sentimita 100. Mzingo unataka kuwa 92, ilhali unene wa gogo uliobaki unahitaji 96. Mkanda umekuwa mfupi kuliko kiuno. Zile sentimita 4 hazina pa kutoka, basi gogo hufunguka ufa wa umbo la kabari, mpana gomeni, mwembamba kwenye kiini.

Ndiyo maana fundi hupasua gogo katikati na kukitupa kiini kabla ya kuligusa keezo. Mkanda umeshakatwa, nusu iliyobaki ina ruhusa ya kujikunja. Akikereza ukuta mwembamba, ndani na nje hukauka karibu pamoja, na bakuli huwa la mviringo wa yai badala ya kupasuka.

Anayetaka duara kamili hukereza mara mbili. Kwanza huacha ukuta mnene, moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 30, ukuta wa 3. Hupaka nta pale nyuzi zilipokatwa, kwa kuwa hapo ndipo maji hukimbilia kutoka, kisha hulizika ndani ya maranda kwa miezi. Miti kama tufaha husumbua hata hivyo. Bakuli likikauka, kipenyo kinachofuata urefu wa mti bado ni 30, kinachoukatisha kimebaki 27.6. Akilirudisha kwenye duara anapata ukuta wa sentimita 1.8 (27.6 toa uwazi wa ndani wa 24, gawa kwa mbili), unaotosha kabisa.

George Lailey wa Bucklebury, Uingereza, aliyefariki mwaka 1958, alikuwa akitoa mabakuli kadhaa kwenye bonge moja, moja ndani ya jingine, kwa patasi za ndoano na keezo la kukanyaga kwa mguu. Kwa nguvu za mguu, mti mbichi una faida nyingine: ni laini.