Mtafiti wa historia akibisha hodi kwa mzee

Kila msimu wa utafiti malalamiko huturudia yaleyale sisi wa Idara ya Historia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mzee kamkatalia mwanafunzi, ukoo umedai malipo, familia imetaka muhuri wa chuo kuthibitisha kuwa shamba ni lao. Hili la mwisho tumelieleza mara nyingi mno. Idara ya historia haigawi ardhi wala haiamui ugomvi wa koo.

Tunachokuja kutafuta ni masimulizi, na bila hayo Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam isingekuwa na jina. Ilianza 1964 chini ya mwanahistoria Mwingereza Terence Ranger, wakati vitabu vingi vya shule vilisimulia zaidi habari za waliotutawala. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo alikwenda Upare kuwasikiliza wazee wa koo. Kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka 1969, mwaka uleule yeye na Arnold Temu walipohariri historia ya Tanzania. Mwaka 1968 wanafunzi walikusanya kumbukumbu za Maji Maji, katika mradi wa wanahistoria akina John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vita ile ilipiganwa 1905 hadi 1907. Waliokuwa vijana wakati huo walishakuwa vikongwe, na wengi tusingewakuta tena.

Wapo wanaodai idara ilijengwa na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, peke yake. Mchango wake ni mkubwa, na kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya kuidumaza Afrika bado kinasomwa duniani. Lakini alikuta kazi imeshaanza, na wazee waliosimulia walikuwa na sehemu yao.

Sasa utaratibu. Mwanafunzi au mwalimu wa chuo hupewa barua ya kibali na Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na kibali cha ukaazi. Ombeni kuziona barua hizo, hamjamkosea mgeni. Asiye nazo mwelekezeni kwa mtendaji. Mzee ana haki ya kukataa kurekodiwa, kuficha jina lake na kuomba nakala.

Vitu vya kale visiuzwe. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mambo ya kale ya 1964. Faili la serikali lililobaki nyumbani kwa mstaafu nalo si urithi wa familia. Linasimamiwa na sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002. Lirudishwe.

Barua za babu ni zenu. Ila tafadhali msizipeleke steshenari zikafunikwe plastiki, wala msizibandike selotepu: gundi na joto huziharibu. Zitieni kwenye bahasha kavu, nyuma ya bahasha mwandike zilitoka kwa nani na zilikuwa zikihifadhiwa wapi, kisha mtuite tupige nakala hapohapo nyumbani.