Wingu lililojikunja kama mkeka

Asubuhi hiyo ya Novemba nilikuwa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, chini ya mibuyu, saa kumi na mbili na robo. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Ndiyo majira ya tanga mbili: kusi imekwisha nguvu na kaskazi bado haijashika. Mara nikaona, kutoka baharini, mstari wa kijivu umenyooka tangu upande wa Nyali hadi kusini kupita Likoni, uko chini mno, kama mkeka mnene uliokunjwa ukalazwa juu ya maji.

Muuza kahawa aliweka dele lake chini. "Mwanangu, hiyo si tsunami?"

"La, ami. Hilo ni wingu."

Hakuniamini, wala simlaumu. Pwani hii haijasahau Desemba 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalipovuka bahari nzima hadi kwetu. Wingu lilipita juu yetu. Upepo wa baridi ukatupiga ghafla, vikombe vyake vikagongana, kisha kukatulia. Halikudondosha hata tone.

Nimefanya kazi ya utabiri wa hali ya hewa kwa miaka mingi, na mawingu ya namna hiyo niliyoyaona kwa macho yangu hayajai kiganja. Jina lake la kitaalamu ni volutasi, kutokana na Kilatini, yaani kilichoviringishwa. Liliingizwa kwenye Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu mwaka 2017 tu, ingawa atlasi hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1896.

Jambo ninalotaka lieleweke ni hili: wingu lile halikutoka baharini likaja mjini. Kilichokuja ni wimbi la hewa.

Mvuvi yeyote anajua kwamba wimbi la kilindini haliichukui ngalawa likaenda nayo. Huiinua, huishusha, lenyewe likapita. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Usiku, hewa ya chini ikipoa na hewa ya vuguvugu ikakaa juu yake, tabaka hilo la chini huwa zito na tulivu, mfano wa maji kwenye karai. Ukilisukuma upande mmoja, litafanya wimbi. Msukumo waweza kutoka kwa dhoruba iliyo mbali: mvua yake hupoza hewa, hewa hiyo huanguka na kumwagika pande zote, na kulisukuma tabaka hilo. Naamini ndivyo ilivyokuwa siku ile, kwani usiku kucha tuliona umeme ukimulika baharini.

Wimbi linapopita huinua hewa. Hewa inayopanda hupoa, takriban digrii 10 kwa kila kilomita, na hewa yetu ya Mombasa ina unyevu mwingi hata ikipanda mita mia chache tu mvuke huanza kuwa matone. Hapo wingu huzaliwa. Nyuma ya mgongo wa wimbi hewa hushuka, hupata joto, matone hukauka. Kwa hiyo ukingo wa mbele unazaliwa kila dakika na wa nyuma unakufa kila dakika. Ukilitazama kwa makini utaona mbele kunapanda na nyuma kunashuka, kana kwamba linajiviringisha kinyumenyume huku likisonga mbele. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisahau kupiga picha.

Mahali linapojulikana zaidi ni Burketown, kaskazini mwa Australia, kwenye Ghuba ya Carpentaria. Huko huonekana alfajiri, hasa kuanzia mwisho wa Septemba hadi mapema Novemba. Laweza kufika urefu wa kilomita 1,000 na kwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa, na marubani wa ndege zisizo na injini huenda kuteleza mbele yake, pale hewa inapopanda. Chanzo chake ni pepo za bahari za pande mbili za rasi ya Cape York, ambazo hukutana juu ya nchi kavu jioni. Sisi hatuna rasi kama ile, na kusi au kaskazi ikishavuma kwa nguvu huikoroga hewa, lile tabaka tulivu likavurugika. Ndiyo maana mimi hulitafuta zaidi wakati wa tanga mbili.

Kwa wenye vyombo: tazameni nyuma ya wingu. Mkiona mwanga wa mbingu kati yake na mvua, ni hili, tarajieni dharuba fupi ya upepo. Likiwa limeshikana na giza la mvua, hilo ni jingine, linaitwa arkasi, nalo ni ukingo wa dhoruba yenyewe. Hapo shusheni tanga mapema.

Niliporudi nyumbani Kizingo nilikwenda moja kwa moja kwenye baromita yangu inayochora, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa. Wino ulikuwa umeruka juu saa ileile wingu lilipopita. Dakika kumi na mbili mbele ulikuwa umeruka tena, kidogo. Nikakumbuka: wakati huo nilikuwa nakunywa kahawa, mbingu nyeupe, na vikombe viligongana mara ya pili. Nilidhani ni ami anaita wateja.