Kaa wa Baharini: Magonjwa Tunayoyaogopa Bure na Yale Tunayoyadharau

"Dada, huyu kaa mbona ana usaha?" Swali hili naulizwa sana na wateja wangu hapa Arusha. Mtu amechemsha kaa aliyetoka Tanga, amebandua gamba, akakuta mabonge meupe pembeni ya matamvua, laini kama maziwa ya mgando. Anamwaga sufuria nzima. Roho inaniuma, kwa sababu yale mabonge ni damu ya kaa tu. Damu hiyo ina madini ya shaba, siyo chuma kama yetu. Ikiwa mbichi ni majimaji yenye ubuluu kwa mbali. Ikipigwa na moto, protini yake inaganda na kuwa nyeupe. Kula.

Ugonjwa halisi wa damu ya kaa upo. Unaletwa na Hematodinium, kimelea cha seli moja kisichoonekana kwa macho, kilichoelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1931 huko Ufaransa. Kinazaliana ndani ya damu mpaka inakuwa nyeupe hata kabla kaa hajapikwa. Kaa ananyong'onyea, na nyama yake inakuwa chungu. Ndiyo maana Alaska wanauita ugonjwa wa kaa mchungu. China umeshaua hata kaa wa mikoko wanaofugwa. Lakini haijajulikana kuwa kimelea hiki kinamwambukiza binadamu. Anayelia ni mvuvi na mfugaji. Vivyo hivyo kirusi cha madoa meupe, kilichoteketeza kamba wa kufugwa Asia miaka ya 1990: kaa anakibeba, mtu hakimdhuru.

Dhana ninayoihofia ni nyingine kabisa: "Akishakuwa mwekundu, ameiva." Hapana! Wekundu umo ndani ya gamba tangu awali, umefungwa na protini, na joto kidogo tu linaufungua. Nyama ya ndani inaweza kuwa bado. Mwaka 1978, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu 11 waliambukizwa kipindupindu, na chanzo kikawa kaa wasioiva sawasawa. Watafiti walipojaribu kuwapika wenyewe, walikuta bakteria bado wazima ndani ya kaa waliochemshwa dakika 8, na hata waliopikwa kwa mvuke dakika 25. Bakteria wa jamii hiyohiyo, Vibrio parahaemolyticus, ndiye anayeleta tumbo la kusokota na kuhara, mara nyingi ndani ya saa 24 baada ya kula.

Wengine wanasema huku milimani maji hayana moto wa kutosha kuua vijidudu. Kweli, Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyuzi hizo zinatosha kabisa. Kinachotakiwa ni muda, joto lifike mpaka ndani ya gando. Kaa wa kilo moja mimi nampa dakika 20 na zaidi, nikihesabu tangu maji yarudie kuchemka. Ndimu, pilipili na friza visikudanganye, haviui bakteria hawa kwa uhakika.

Halafu kuna minyoo ya mapafu, Paragonimus, ambayo watu wanamsingizia kaa wa baharini. Minyoo hiyo hupitia kwa konokono wa maji baridi, kisha kaa wa mtoni; kwa Afrika inajulikana zaidi Nigeria na Cameroon, na kikohozi chake cha damu hudhaniwa kifua kikuu. Kwa hiyo watoto wanaookota kaa kwenye mifereji ya migombani kule Moshi, waambieni wawachome mpaka ndani, wasiwaonje wabichi.

Na ukishaipua, tafadhali usimrudishe kaa kwenye beseni uliloletewa nalo. Maji yaliyobaki humo ni ya kaa mbichi.